Mama Mwenye Miguu Dhaifu Naye Avuke Bahari

Kikundi chetu cha akina mama wa kanisa hapa Chalinze kilipopanga ziara ya Zanzibar, mama yetu mmoja wa miaka 68 alisema, "Nendeni tu wanangu, mimi mtaniletea karafuu." Kiharusi kilimwachia udhaifu upande wa kushoto, naye hutembelea mkongojo. Tulinyamaza. Wengine wetu, tukiri, tulishukuru moyoni kwamba amekataa mwenyewe.

Kesho yake dhamiri ilitusuta, tukamrudia. "Mama, hutaki kwenda, au unaogopa kutusumbua?" Alitazama chini, kisha akasema polepole, "Naogopa choo."

Akina mama wenzetu, hilo ndilo tunalosahau kuuliza. Mwenye miguu dhaifu huenda haogopi mawimbi hata kidogo. Anaogopa kuaibika mbele za watu, kwa hiyo siku ya safari hanywi maji tangu alfajiri. Sisi wauguzi tunayajua matokeo yake: kizunguzungu, maambukizo ya njia ya mkojo, hata hatari ya damu kuganda miguuni.

KABLA YA SAFARI

Tulimpeleka kwanza apimwe presha na kupata ushauri wa daktari. Dawa zake tuliziweka katika mkoba wa mkononi, si ndani ya mizigo. Vidonge vya kuzuia kichefuchefu usimpe bila kuuliza, kwani vingine huleta usingizi, na mwenye usingizi huanguka upesi. Wakati wa kukata tiketi tuliomba viti vya chini, karibu na mlango na choo. Pia tuliepuka miezi ya kusi kali, bahari inapochafuka.

Magari mawili matatu ya kubadilisha yangemchosha, hivyo tulichanga tukakodi gari moja kutoka Chalinze hadi bandarini Dar es Salaam.

KUPANDA NA KUSHUKA

Gatini mchukuzi mmoja, kwa nia njema, alimshika mkono ule dhaifu amvute. Tulimzuia haraka. Mkono uliopooza ukivutwa, bega huweza kuteguka. Mshike kiunoni, juu ya kanga iliyofungwa imara, ukisimama upande wake dhaifu.

Kwenye ngazi, kumbuka hivi: kupanda, mguu mzima hutangulia, kushuka, mguu dhaifu hutangulia. Msaidizi awe daima upande wa chini yake, yaani nyuma anapopanda na mbele anaposhuka. Tena mwulize yeye kwanza, "Mama, tukushike wapi?" Yeye si mzigo.

NDANI YA BOTI

Kwa boti ziendazo kasi, safari huchukua kama saa mbili. Kila nusu saa alizungusha nyayo zake na kunywa maji kidogo kidogo. Wawili wetu tulimsindikiza chooni, mmoja ndani na mmoja mlangoni. Mara ya pili alikuwa akicheka.

Hatujasahau MV Spice Islander mwaka 2011 wala MV Skagit mwaka 2012. Tazameni maboya ya kujiokolea yalipo, na mpatane mapema nani atamvika mama lake. Chombo kikijaa kupita kiasi, msipande.

MKUNAZINI

Zanzibar tulikwenda kwenye kanisa kuu la Kianglikana, lililojengwa miaka ya 1870 mahali palipokuwa soko la watumwa. Vyumba vya chini vina ngazi za mwinuko mkali, hivyo mama hakushuka. Alikaa kanisani karibu na altare, panaposimuliwa kuwa ndipo uliposimama mti waliochapiwa watumwa. Tuliporudi kutoka chini tulimkuta anafuta machozi. Alisema, "Haya nilikuwa nikiyasikia tu. Leo nimeyafikia kwa miguu yangu."

Kama nauli ya Zanzibar ni kubwa, anzeni na Bagamoyo kupitia Msata. Misheni ya Wakatoliki iliyoanzishwa mwaka 1868 ina uwanja tambarare na vivuli vya miembe, ambapo mama anaweza kupumzika kila baada ya hatua chache.

Mama mwenzetu, nyumbani kwako au jirani yupo anayesema, "Nendeni tu." Usimjibu haraka. Keti karibu naye, umwulize anaogopa nini. Yetu sasa ndiye anayetukumbusha michango ya safari ijayo.