Paladini Mseto Hagawanywi Nusu kwa Nusu

Swali limekuja tena, kwa maneno yale yale: "Mtaalamu, paladini wangu ni mseto, anapiga na anatumia uchawi. Nimgawie vipi sifa? Nusu nguvu nusu akili, au sitini kwa arobaini?" Nimelijibu kwa ufupi, nimelijibu kwa urefu, na bado linarudi, mara nyingi likiwa na picha ya mhusika aliyevaa seti nzima ya Lawbringer, upanga wa mikono miwili mgongoni, na mwenyewe akilalamika kwamba kila bosi akianguka yeye yuko mkiani kwenye orodha ya waliompiga. Jibu ni hili: hakuna mgao. Anayetafuta mgao mzuri zaidi ameshapotea kabla hajachagua kofia.

Nazungumzia World of Warcraft Classic, levo 60, gemu ile ya mwaka 2004 iliyorudishwa Agosti 2019 na kufunguliwa upya kwenye seva mpya Novemba 2024. Sizungumzii Season of Discovery wala Burning Crusade, na ukichanganya ushauri wa huku na wa kule utaharibikiwa. Paladini wa Classic hana Crusader Strike. Anasimama nyuma ya bosi, silaha yake inajizungusha yenyewe kila baada ya sekunde tatu na nusu hivi, Seal of Command inalipuka juu ya baadhi ya mapigo hayo, na kila sekunde nane hadi kumi anabonyeza Judgement. Mana ikiruhusu, anamwaga Consecration miguuni mwa adui. Hiyo ndiyo kazi yake yote ya kuumiza, na karibu yote inaanzia kwenye silaha.

Imani ya nusu kwa nusu inatoka kwenye nguo. Seti ya Lawbringer, ile ya Molten Core, ni ya mponyaji. Akili na uponyaji vimejaa humo. Seti ya Judgement, ambayo kila mtu anaitamani kwa urembo wake, inachanganya nguvu, akili, uhai na nguvu ya uchawi katika kipande kimoja. Mchezaji anaona Strength na Intellect zimekaa pamoja kwenye joho moja, anahitimisha kwamba mtengenezaji wa gemu amekusudia paladini awe navyo vyote kwa pamoja. Kisha anakuja mtu wa kundi lake anamwambia "mseto lazima awe na uwiano", na hapo imani inakuwa dini.

Basi tupige hesabu, maana hili ni jambo la hesabu, halina haja ya imani.

Pointi 10 za nguvu zinampa paladini 20 za nguvu ya shambulio. Kila 14 za nguvu ya shambulio ni pointi moja ya madhara kwa sekunde. Mwenye silaha ya sekunde 3.5 basi anaongeza madhara 5 kwenye kila pigo. Kwa dakika moja silaha hiyo inapiga mara 17 hivi, kwa hiyo ni madhara 85. Seal of Command inalipuka kwa wastani wa mara 7 kwa dakika na kila mlipuko unachukua asilimia 70 ya madhara ya silaha, kwa hiyo zile 5 zinazaa 3.5 nyingine kila inapolipuka, jumla 24 na ushei. Tuko kwenye 110 kwa dakika. Nakubali kwamba baadhi ya mapigo yatakosa na deraya ya bosi itapunguza kiasi. Lakini pia sijahesabu mapigo ya kishindo, wala talanta ya Divine Strength, wala Blessing of Kings, na hizo mbili za mwisho kila moja inaongeza nguvu kwa asilimia 10.

Pointi 10 za akili zinampa mana 150. Hizo anazipata mara moja, pambano linapoanza, basi. Consecration moja ya daraja la juu inakula mana 565, kwa hiyo amenunua karibu robo ya Consecration. Nyongeza ya uwezekano wa uchawi wa kishindo ipo, ila kwa pointi 10 ni ndogo mno, haifiki hata asilimia moja.

Sasa hamisha pointi 100, kama wanavyofanya watu wa nusu kwa nusu. Katika pambano la dakika tatu, nguvu 100 ni zaidi ya madhara 3,000. Akili 100 ni mana 1,500. Na mana 1,500 unaweza kuinywa. Chupa moja ya Major Mana Potion inarudisha kati ya 1,350 na 2,250, yaani sawa na kubeba akili 90 hadi 150 mwilini, na baada ya dakika mbili unaruhusiwa kunywa nyingine. Juu yake kuna Dark Rune, mana 900 hadi 1,500 kwa bei ya uhai wako kidogo, nayo haizuiwi na ile chupa. Kuna Blessing of Wisdom. Kuna Judgement of Wisdom ambayo mwenzako akimwekea bosi, wanaompiga wanarudishiwa mana kila inapowabahatikia. Kumjaza akili paladini wa kupiga ni sawa na kufunga tangi la pili la mafuta kwenye bodaboda inayopita mbele ya sheli kila baada ya dakika mbili: umebeba uzito safari nzima kwa kitu kinachouzwa njiani.

Naombwa nitaje nguvu ya uchawi, maana wako wanaoacha akili na kukimbilia huko. Hiyo siikatai moja kwa moja. Inaongeza Judgement, inaongeza Consecration, na inaongeza kidogo mlipuko wa Seal of Command. Lakini angalia inachokigusa na isichokigusa. Haigusi pigo la kawaida hata kidogo, na pigo la kawaida ndilo msingi. Ikija bure juu ya kifaa chenye nguvu na kishindo, ichukue. Ukiacha nguvu ili uifuate, umeuza ng'ombe kununua maziwa.

Kuna sababu nyingine ambayo watu wa uwiano hawaioni, nayo ni kubwa kuliko hizo zote. Sifa za mpigaji zinazidishana. Nguvu inakuza pigo. Usahihi unaamua mapigo mangapi yanafika. Kishindo kinalifanya pigo lililofika liwe mara mbili. Na kishindo hicho hicho kinawasha talanta ya Vengeance, inayoongeza madhara yako ya kawaida na ya kimungu kwa asilimia 15 kwa sekunde 8. Ukiongeza moja, zote zilizobaki zinapanda thamani. Akili haimo kwenye mnyororo huo. Iko pembeni, peke yake, haizidishi chochote. Kwa hiyo kila pointi unayoiweka kule haipotezi pointi moja tu. Inashusha thamani ya pointi zako nyingine zote. Mtu aliyegawa nusu kwa nusu hapati nusu ya mpigaji na nusu ya mponyaji. Anapata mpigaji dhaifu ambaye hata kuponya vizuri hawezi, kwa sababu talanta zake ziko Retribution.

Na mseto, basi, uko wapi? Uko kwenye mkoba na kwenye vidole. Beba seti mbili. Ya kupiga iwe ya kupiga kabisa, ya kuponya iwe ya kuponya kabisa, na hiyo Lawbringer yako ikae humo kwenye ya pili, inakostahili. Katikati ya pambano mseto wako ni kumwondolea mwenzako sumu kwa Cleanse, kumwokoa mchawi kwa Blessing of Protection bosi akimgeukia, kugawa baraka kabla hazijaisha. Hakuna hata moja kati ya hayo linalohitaji akili 300 kwenye nguo. Yanahitaji macho.

Usahihi unastahili aya yake, kwani hapo ndipo mapigo mengi yanapotea bila mwenyewe kujua. Bosi anahesabiwa kuwa wa levo 63. Ukiwa na ujuzi wa silaha wa kawaida, 300, unahitaji asilimia 9 za usahihi ili usikose kabisa kwa silaha ya mikono miwili. Ukiwa na 305, unahitaji 6 tu. Tena asilimia 40 ya mapigo yako ya kawaida dhidi ya bosi yanaparaza tu, hata ufanye nini, na pigo la kuparaza kwa ujuzi wa 300 linabaki na asilimia 65 ya madhara yake. Kwa 305 linabaki na 85. Zidisha mwenyewe: wa 300 anapoteza asilimia 14 ya madhara ya mapigo yake ya kawaida kwa kuparaza peke yake, wa 305 anapoteza 6. Pointi tano za ujuzi zimefanya yote hayo. Paladini binadamu anazaliwa nazo, kwa upanga na kwa rungu. Kibeti hana.

Ndiyo maana naumia nikimwona binadamu aliyekusanya mali miezi mizima ili atengenezewe Arcanite Reaper. Ni shoka. Shoka zuri, la sekunde 3.8, lenye 62 za nguvu ya shambulio, ila binadamu akilishika anaziacha zile pointi tano mezani. Shoka hilo mpeni kibeti, yeye hana cha kupoteza.

Jambo la mwisho la kubomoa ni chuma. "Paladini huvaa chuma" ni ruhusa, haijawa amri. Deraya inapunguza mapigo ya mwili, na wewe uko nyuma ya bosi. Anayepigwa ni yule warrior wa mbele. Moto wa Ragnaros hauulizi umevaa chuma au ngozi. Kwa hiyo Devilsaur Gauntlets na Devilsaur Leggings, ambazo ni ngozi tupu ya kushonwa, ni bora kwako kuliko vyuma vingi vya kifahari: 28 na 46 za nguvu ya shambulio, asilimia moja ya kishindo kwa kila kimoja, na ukivaa vyote viwili asilimia 2 za usahihi juu yake. Anayekucheka umevaa ngozi mwache acheke, mtakutana kwenye orodha.

Sasa ya kufanya, haraka haraka. Weka pointi tatu kwenye Precision, upate asilimia 3 za usahihi. Vaa Devilsaur mbili, ni 5. Nenda Maraudon ukamuue Princess Theradras hadi akupe Blackstone Ring, ni 6. Binadamu mwenye upanga au rungu ameshamaliza usahihi hapo, bila kukanyaga Molten Core. Kinachofuata chote ni nguvu na kishindo. Kibeti aongeze Truestrike Shoulders za Upper Blackrock Spire, 2, na Lionheart Helm, 2 nyingine pamoja na nguvu 18 na kishindo 2. Hand of Justice ya Emperor Dagran Thaurissan kila mtu aitafute. Wepesi ni sawa ukija, pointi 20 hivi ni asilimia moja ya kishindo. Roho, ile Spirit, iache.

Silaha: mikono miwili, na iwe nzito, sekunde 3.5 kwenda juu. Seal of Command inalipuka mara 7 kwa dakika hata kwa silaha nyepesi, kwa hiyo unataka kila mlipuko uchukue asilimia 70 ya pigo kubwa. Upanga wa sekunde 2 unalipuka asilimia 23 ya mapigo, wa 3.5 asilimia 41. Rungu la Unstoppable Force la Alterac Valley linatosha kuanzia. Ashkandi ya Nefarian, 229 hadi 344 kwa sekunde 3.5, ni ya ndoto, lakini ina foleni ndefu ya warrior. Kundi likikuomba ushike silaha ya Nightfall ili wachawi waumize kwa asilimia 15 zaidi, kubali. Utashuka kwenye orodha na kundi litapanda. Chupa za mana ziwe mkobani kila usiku. Kubadilisha talanta kunapanda hadi dhahabu 50, kwa hiyo amua kabla ya kumwendea mwalimu.

Ukiniandikia tena, niambie mambo matatu: paladini wako ni binadamu au kibeti, ameshika silaha gani, na ana asilimia ngapi za usahihi. Picha ya joho usinitumie. Na swali la nusu kwa nusu sitalijibu tena.