Injini ya trekta ikifa msimuni, siku zina gharama kuliko vipuri

MVUA za kwanza zinapoanza kunyesha katika mikoa ya kati, kuanzia Novemba, simu ya mwenye trekta haipumziki. Kila mkulima anataka alimiwe wiki hiyo hiyo, na kila mmoja anajua kwamba mwenye kuwahi kupanda ndiye mwenye matumaini ya kuvuna. Bahati mbaya, ndiyo wiki ambayo injini nyingi zilizochoka hufa.

Hilo si jambo la mkosi wala mkono wa mtu. Injini iliyokuwa ikivuta tela la magunia kwa taabu tangu Julai haiwezi kuvuta jembe la sahani tatu kwenye ardhi ngumu mwezi Novemba. Dalili zilikuwapo miezi minne, ila mwenyewe alikuwa akiongeza oili na kuendelea na kazi.

Wenye matrekta wengi wanapokumbwa na tatizo hili huuliza swali moja: vipuri ni shilingi ngapi? Ni swali la haki, lakini si la kwanza. Swali la kwanza ni trekta litakaa gereji siku ngapi, na siku hizo zinaangukia mwezi gani. Hesabu ikipigwa vizuri, mara nyingi siku zilizopotea huwa na gharama kubwa kuliko pistoni na beringi zote.

Mfano wa Kibaigwa

Tuchukue mfano wa mzee mmoja mwenye trekta aina ya Massey Ferguson 290 pale Kibaigwa, wilayani Kongwa. Mzee huyu ni wa kutunga kwa ajili ya hesabu yetu, lakini yaliyomkuta si mageni kwa mtu yeyote aliyewahi kumiliki trekta kuukuu.

Mwezi Julai trekta lake lilianza kutoa moshi wa bluu na kula oili. Dereva alimweleza, "Mzee, asubuhi linawaka kwa shida, na kifuniko cha oili ukikifungua linapumua moshi." Mzee akajibu kwamba mavuno yakiisha wataliangalia. Mavuno yakaisha, fedha zikaenda kwenye ada za shule na ujenzi, trekta likaegeshwa chini ya mti. Novemba 20 mvua ikanyesha. Siku ya tatu ya kulima, injini ikaanza kugonga na Novemba 23 fundi akaifungua.

Kazi yenyewe, kama kila kitu kingekuwa tayari, ilikuwa ya siku 13: kufungua na kuosha siku mbili, kupima siku moja, kuchonga siku tano, kufunga siku nne na kujaribu siku moja. Trekta lilirudi shambani Januari 10, yaani baada ya siku 48. Siku nyingine 35 zilikwenda wapi?

Siku tano zilipotea kwa sababu pistoni ziliagizwa kutoka Kariakoo kabla namba ya injini haijasomwa, nazo zikaja za injini nyingine. Siku tisa krenki ilikaa kwenye foleni ya karakana ya kuchonga mjini Dodoma, kwa kuwa Novemba kila mwenye injini mbovu yuko hapo. Siku nne zilipotea kwa beringi: zilinunuliwa za kipimo cha kukisia, mchongaji akakuta mikwaruzo ni mirefu, ikabidi zirudishwe dukani. Siku 12 kazi ilisimama kwa sababu fedha zilikwisha, mzee akawa anatafuta mnunuzi wa mahindi yake. Siku tano za mwisho injini ilifunguliwa tena baada ya gasketi kuukuu ya silinda hedi kuvujisha maji hadi oili ikawa nyeupe kama chai ya maziwa.

Sasa tupige hesabu. Tuseme analima ekari moja kwa Sh60,000 na kwa siku anamaliza ekari nane. Mapato ni Sh480,000. Dizeli lita 72 kwa Sh3,000 ni Sh216,000, dereva Sh30,000, msaidizi na grisi Sh14,000. Kinachobaki ni Sh220,000 kwa siku. Katika siku 35 za ucheleweshaji, tuondoe 10 ambazo udongo ulikuwa umelowa mno au hakukuwa na mteja. Zinabaki siku 25, sawa na Sh5,500,000 ambazo hazikuingia mfukoni. Msomaji mwenye trekta aweke bei za kijijini kwake, lakini njia ya kuhesabu ni hiyo hiyo.

Hasara haiishii kwa mzee. Siku 25 kwa ekari nane ni ekari 200 za wateja wake. Wengine watapata trekta jingine, wengine watarudi kwenye jembe la mkono na kulima sehemu tu ya shamba, na wengine watapanda wakiwa wamechelewa. Mvua za kwanza baada ya kiangazi kirefu huamsha vijidudu vya udongoni na kufungua naitrojeni ambayo mmea huitumia. Anayechelewa kupanda huikuta sehemu ya rutuba hiyo imekwisha kusombwa na maji au kuchukuliwa na magugu, na mvua zikikatika mapema mahindi yake hukamatwa yakiwa kwenye kuchanua.

Kwa nini injini hizi hujengwa upya

Msomaji anaweza kuuliza kwa nini mzee asinunue injini nyingine. Wakati mwingine hilo linafaa, hasa bloku ikiwa imepasuka. Lakini injini ya mtumba ni sawa na kununua ng'ombe usiku: huijui mpaka uifungue, na ukishaifungua umerudi palepale.

Injini za Perkins, kutoka kampuni iliyoanzishwa Peterborough, Uingereza, mwaka 1932, zimedumu kwenye matrekta kwa miongo mingi kwa sababu ziliundwa zitengenezeke. Ile ya silinda nne aina ya 4.236 ilianza kutengenezwa mwaka 1964. Ndani ya bloku mna slivu zinazoweza kutolewa na kubadilishwa, krenki inachongeka, na beringi zinapatikana kwa vipimo vya chini. Bloku nzima, ikitunzwa, huweza kupewa maisha zaidi ya mara moja.

Hapo hapo ndipo penye mtego wa vipuri. A4.236 na A4.248 ni ndugu wa familia moja na kwa nje zinafanana sana. Zote mwendo wa pistoni ni milimita 127. Lakini upana wa silinda ya kwanza ni milimita 98.4, na ya pili ni milimita 101. Pistoni za moja haziingii kwenye nyingine. Massey Ferguson 265 ilitoka na A4.236, na 290 ilitoka na A4.248, ila trekta lililopita mikononi mwa watu watano linaweza kuwa limebadilishiwa injini. Kwa hiyo usimwambie muuza duka jina la trekta peke yake. Soma namba iliyogongwa kwenye bloku, iandike, ipige picha, na uende nayo dukani.

Pima kabla ya kununua

Kabla ya kuifungua injini, hakikisha kwamba inahitaji kufunguliwa. Moshi mweusi na kukosa nguvu vinaweza kuletwa na filta ya hewa iliyoziba au nozeli mbovu, na hayo ni matengenezo ya siku moja. Moshi wa bluu ni oili inayoungua. Moshi mweupe usiokwisha hata injini ikipata moto unaweza kuwa dizeli isiyoungua au maji yanayoingia ndani ya silinda.

Fundi mwenye kipimo cha mgandamizo hutoa nozeli, hufunga kipimo mahali pake na kupima silinda moja moja. Silinda ikisoma chini, hutia oili kidogo na kupima tena. Kipimo kikipanda, ringi au slivu zimekwisha. Kisipopanda, mashaka yanahamia kwenye vali au gasketi. Jaribio hili halimalizi hata siku nzima, na lingefanywa Julai mzee wetu angejua kinachomsubiri.

Injini ikishafunguliwa, orodha ya vipuri itokane na vipimo. Krenki ikichongwa kwa milimita 0.25, beringi zake ni za 0.25, ikibidi kuchongwa hadi 0.50, za 0.25 hazina kazi. Mchongaji apime kwanza, aandike kipimo, ndipo beringi zinunuliwe. Orodha iwe moja na safari iwe moja. Gasketi zote na sili za oili ziwemo humo, kwa sababu gharama yake ni ndogo ukilinganisha na kufungua injini mara ya pili.

Kazi zinazoweza kwenda pamoja

Ucheleweshaji mwingine hutokana na kufanya mambo kwa foleni ilhali yangeweza kwenda sambamba. Pampu ya dizeli na nozeli hurekebishwa na fundi tofauti, mwenye mashine ya kupimia. Wengi huvikumbuka siku ya kufunga injini, kisha wanasubiri siku nne zaidi. Vipelekwe siku ile ile injini inapofunguliwa. Silinda hedi nayo ipelekwe ikakaguliwe kama imepinda au imepasuka, wakati krenki ikiwa kwenye mashine.

Wakati huo huo, mwenye trekta atafute chanzo cha ugonjwa. Ringi hazichakai upesi bila sababu. Mpira unaopitisha hewa ukiwa na ufa, vumbi huingia moja kwa moja kwenye silinda na kusaga chuma kama msasa. Rejeta ikiziba au mkanda wa feni ukilegea, injini huchemka. Injini mpya ikifungiwa ugonjwa wa zamani, itarudi gereji msimu ujao.

Mahali ambapo haraka ni hasara

Kuna siku za kuokoa na kuna siku za kuacha zilivyo. Baada ya kuchonga, chembe za chuma hubaki kwenye kuta za silinda na ndani ya njia za oili za krenki. Lazima zioshwe mpaka kitambaa cheupe kikipitishwa kitoke cheupe, kisha kila kitu kipakwe oili. Bolti za hedi na za beringi zikazwe kwa spana yenye kipimo, kwa mpangilio na kiwango cha kitabu cha injini, si kwa nguvu za mkono. Kabla ya kuwasha, dizeli ifungwe na injini izungushwe kwa stata, kwa vipindi vifupi, hadi geji ionyeshe oili imepanda.

Saa 50 za kwanza ni za kuizoesha. Usiipe jembe zito kutwa nzima, lakini pia usiiache inguruma bure uwanjani, kwa kuwa ringi hukaa vizuri zinapofanya kazi ya wastani. Baada ya hapo mwaga oili, badilisha filta, na umwite fundi apime upya nafasi za vali. Mwenye trekta aliyechelewa msimu hushawishika kuziruka saa hizi ili afidie siku zilizopotea. Ndiyo maana injini iliyojengwa Desemba iko hatarini kuliko iliyojengwa Agosti, hata kama fundi ni yule yule.

Fedha na maandishi

Katika mfano wetu, sababu kubwa kuliko zote ilikuwa fedha: siku 12 kati ya 35. Mwenye trekta linalofanya kazi anapaswa kulitengea fungu lake. Akiweka kando Sh10,000 kwa kila ekari inayolimwa, ekari 300 za msimu mmoja humpa Sh3,000,000. Fedha hizo zikae mbali na matumizi ya nyumbani, kwenye benki au SACCOS, na zisiguswe kwa sherehe.

Makubaliano na fundi yaandikwe: kazi gani, kwa bei gani, imalizike lini, na malipo yatoke kwa hatua. Sehemu ilipwe injini ikifunguliwa na kupimwa, sehemu ikifungwa, na iliyobaki baada ya trekta kulima nusu siku bila kuvuja wala kuchemka. Vipuri vya zamani vyote arudishiwe mwenye trekta. Fundi mwaminifu hatachukia, maana karatasi hiyo inamlinda naye pale mteja anapochelewa kuleta fedha kisha akamlaumu kwa kuchelewa.

Mikoa yenye msimu mmoja wa mvua, kama Dodoma, Singida na Ruvuma, ina nafasi nzuri kati ya mavuno na Novemba. Kwenye mikoa ya vuli na masika nafasi ni finyu zaidi, na kipimo cha mgandamizo kinapaswa kufanywa kila msimu unapokwisha. Agosti karakana huwa na nafasi, muuza vipuri ana muda wa kutafuta, na mahindi ya kuuzwa yamo ghalani. Siku zile zile 48, zikianza Agosti mosi, zinaisha kabla ya tarehe 20 Septemba, na hakuna ekari hata moja inayosubiri.