Je, Wajua? Samaki Mwenye Mistari Minane

Katika mialo ya Ziwa Victoria, ukiwemo ule wa Ggaba ulio kusini mwa jiji la Kampala, sangara, ambaye Waganda humwita mputa, huthaminiwa kwa minofu yake na pia kwa bondo, yaani kifuko cha hewa kinachomsaidia kuelea, ambacho hukaushwa na kusafirishwa hadi China na Hong Kong kunakopikwa supu ya gharama. Mnunuzi wa China bara huandika neno "samaki" kwa herufi 鱼, yenye mistari 8, ilhali wa Hong Kong hutumia umbo la zamani, 魚, lenye mistari 11, kwa kuwa urahisishaji wa herufi ulioanzishwa na serikali ya China katika miaka ya 1950 haukufuatwa huko. Mstari, katika hesabu hii, ni kila alama inayochorwa bila kuinua kalamu, hata ikiwa ni nukta tupu au ikiwa imepinda kona.

Mistari hiyo ina zamu zake, ambazo Wachina huziita bishun. Kwa kawaida cha juu hutangulia cha chini, cha kushoto hutangulia cha kulia, mlalo hutangulia wima inapokatana, na kiunzi huchorwa kabla ya vilivyomo ndani, isipokuwa mstari wa chini unaokifunga, ambao husubiri vya ndani vikamilike. Samaki huyu anazionyesha kanuni hizo karibu zote: kichwa huanza kwa mstari unaoteremka kushoto, ukifuatwa na mwingine unaokwenda kulia kisha kupinda, mwili huanza kwa ubavu wa kushoto, ukafuata mstari mmoja unaopita juu na kushuka ubavu wa kulia, halafu msalaba wa ndani, halafu mlalo wa kufungia, na wa nane ni ule mlalo mrefu wa chini, uliochukua nafasi ya nukta nne za umbo la zamani. Maji, 水, yana njia yake, kwa maana nguzo ya kati ndiyo hutangulia.

Anayeitazama herufi iliyokwisha kukauka karatasini huenda akaona kwamba zamu hizo ni adabu tu, kwa sababu samaki aliyeanzwa mkiani anaweza kufanana kabisa na aliyeanzwa kichwani. Tofauti hujitokeza mkono unapoongeza kasi. Katika mwandiko wa haraka uitwao xingshu, mistari huungana, hata zile alama tatu za maji zilizo upande wa kushoto wa herufi 湖, yaani "ziwa", yenye mistari 12, huwa wimbi moja linaloshuka na kupanda, na msomaji hulitambua kwa kuwa wino umepita njia anayoijua. Waliosoma chuoni hawatalishangaa jambo hili, kwani mwandishi wa herufi za Kiarabu naye huunga kwanza kiwiliwili cha neno, kisha hurudi kutia nukta. Isitoshe, kumbukumbu ya herufi hukaa mkononi pia: Mchina au Mjapani aliyesahau herufi mara nyingi huichora hewani kwa kidole hadi imrudie.

Hata hivyo, zamu hizi ni mapatano, wala si sheria ya maumbile. Herufi 王, yaani "mfalme", huandikwa China kwa milalo miwili, kisha wima, kisha mlalo wa mwisho, ilhali Japani wima hufuata mara tu baada ya mlalo wa kwanza. Mwongozo wa wizara ya elimu ya Japani wa mwaka 1958, uliohusu herufi 881, ulikiri kwamba zamu nyingine zilizozoeleka si makosa; China, kwa upande wake, ilitoa mwaka 1997 kanuni rasmi kwa herufi 7,000. Kwa hiyo ukali wa walimu una haki yake, ila haki hiyo inatokana na mazoea ya mkono kuliko usahihi wa umbo.

Wanafunzi wa Kampala huangukia upande wa China, kwani Taasisi ya Confucius ya Chuo Kikuu cha Makerere ilianzishwa mwaka 2014 kwa ushirikiano na Chuo Kikuu cha Xiangtan, na mwishoni mwa mwaka 2018 ikatangazwa kwamba Kichina kitafundishwa katika baadhi ya shule za sekondari za Uganda. Simu nayo husahihisha bila huruma: katika njia moja ya kuandikia, mistari yote hugawanywa katika aina tano zenye namba 1 hadi 5, na maji hupatikana kwa kubonyeza 2534, ambapo nguzo ya kati ndiyo 2, anayeanza na ubavu wa kushoto hubonyeza 5 kwanza, na simu humletea herufi nyingine.