Mashindano makubwa: mudogo aingie ao abaki inje?

Jioni kwenye kariere, wakati pompi zimezimwa na radio inasema habari za michezo, kuko mabishano yasiyoisha. Ekipe ndogo imefungwa magoli mingi na ekipe kubwa. Mumoja anasema: "Walienda kule kufanya nini? Wametuletea haya tu." Mwingine anajibu: "Sasa watajifunza wapi kama hawaingii?" Na moto unazimika mbele mabishano haijaisha.

Si Banalia tu. Kule Ulaya wanabishana vile vile juu ya mashindano ya farasi: farasi mwenye mbio kidogo, na mupanda farasi mwenye hana mazoezi, wanastahili kuingia kwenye mashindano makubwa ya mwaka? Sisi wa pembeni ya Aruwimi farasi hatuna. Lakini ulizo hilo ni letu kabisa, juu nchi yetu ilipita pale pale mbele ya macho ya dunia nzima. Na sisi watu wa shimo, tunaishi nalo kila siku.

Magoli 9 ya Gelsenkirchen

Tuanze na habari ambayo kila mutu anajua nusu yake. Mu Juni 1974, Léopards ya Zaïre iliingia Kombe la Dunia kule Ujerumani ya Magharibi. Ilikuwa ekipe ya kwanza ya Afrika ya watu weusi kufika pale. Tarehe 14 Juni ilifungwa 2-0 na Scotland. Tarehe 18 ilifungwa 9-0 na Yugoslavia. Tarehe 22 ilifungwa 3-0 na Brazil. Mechi tatu, magoli 14, na sisi hata goli moja. Tangu siku ile, kila mutu anayetaka kusema wadogo wabaki inje anaonyesha zile 9.

Sasa sikiliza nusu ingine. Ile ekipe haikuokotwa barabarani. Mu Machi ya mwaka ule ule ilibeba Kombe la Afrika kule Misri, ikishinda Zambia 2-0 kisha mechi ya kwanza kuisha 2-2. Ndaye Mulamba peke yake alifunga magoli 9 kwenye ile kombe. Kufika Ujerumani, walipita juu ya Morocco. Nafasi ya Afrika ilikuwa moja tu kwa bara nzima, na wao njo waliipata kwa miguu yao. Hakuna mutu aliyewapa zawadi.

Sasa ilikuwa nini? Mwepu Ilunga, beki wa ile ekipe, alieleza wenyewe mambo kwa waandishi wa habari miaka kisha. Alisema mbele ya mechi ya Yugoslavia walipata habari kwamba primu zao hazitatoka, na feza ilikuwa imekwisha kuliwa na wakubwa waliosafiri nao. Wakataka kukataa kucheza. Wakaingia uwanjani na roho imevunjika. Kisha zile 9, alisema, walinzi wa Mobutu walikuja kuwaambia: mukifungwa na Brazil magoli 4, hakuna atakayerudi nyumbani.

Sisi wa sendika, habari hii tunaisoma na macho ingine. Hapa si hadisi ya watu wasiojua mupira. Ni hadisi ya watumishi wasiolipwa, wanaotumwa kazini kwa vitisho, kisha wanapoanguka wanaambiwa: "Munaona? Hamuna nguvu."

Kwenye mechi ya Brazil, Mwepu alitoka kwenye ukuta wa wachezaji na kupiga mupira mbali, wakati Wabrazil njo walikuwa na haki ya kuupiga. Dunia ilicheka. Wakasema Waafrika hawajui sheria. Bingwa wa Afrika hajui sheria ya mupira wa kusimamishwa? Mwepu mwenyewe alisema aliijua vizuri sana. Alifanya vile juu alikuwa amekasirika na mambo waliyotendewa. Alikufa mu 2015, na mpaka leo watu wangali wanacheka ile picha.

Wenye kupinga wana sababu yao

Tusidanganyane, wenye kusema "wadogo wabaki inje" hawasemi bure. Kuko mambo mawili ambayo tunapaswa kuwajibu.

La kwanza: mudogo anaweza kuharibu mashindano ya wengine. Angalia hesabu ya lile kundi la 1974. Brazil, Yugoslavia na Scotland walipokutana wao kwa wao, mechi zote tatu ziliisha sare. Wote watatu wakapata pointi 4. Kitu kilichowatenganisha ni moja tu: kila mumoja alifunga Zaïre magoli ngapi. Yugoslavia 9, Brazil 3, Scotland 2. Scotland ikarudi nyumbani bila kushindwa hata mechi moja. Mutu wa Scotland akilia, ana haki kidogo.

Lakini ulizo ni kwa nani analilia. Kama wale vijana wa Zaïre wangelipwa na kuachwa wacheze na akili tulivu, hesabu ingekuwa ingine. Kosa si la kuwaita. Kosa ni la waliokula feza yao njiani.

Jambo la pili ni hatari. Hilo nitalirudilia, juu njo kubwa kupita yote.

Mazembe ilianguka mbele ya kupanda

Mutu hajifunzi kuogelea akikaa kwenye muchanga. Tuna mufano wetu, wa Lubumbashi, muji wa shaba. Mu Desemba 2009, TP Mazembe ilienda Kombe la Dunia la vilabu kule Abu Dhabi. Ilifungwa 2-1 na Pohang Steelers ya Korea ya Kusini. Kisha ikafungwa 3-2 na Auckland City ya New Zealand, ekipe ya watu wanaofanya kazi zingine muchana na kucheza mupira jioni. Ikarudi nyumbani na kicheko nyuma yake. Wakati ule, wenye kusema "kule si mahali petu" walikuwa wengi.

Mwaka mumoja kisha, mu Desemba 2010, Mazembe ilirudi Abu Dhabi. Ikashinda Pachuca ya Mexico 1-0. Ikashinda Internacional ya Brazil, bingwa wa Amerika ya Kusini, 2-0, magoli ya Kabangu na Kaluyituka. Kipa Kidiaba akaruka-ruka amekaa chini kwa matako, na kila mutoto wa Kongo akamuiga kwenye vumbi. Fainali walifungwa 3-0 na Inter Milan, ndiyo. Lakini ilikuwa mara ya kwanza kwa kilabu isiyotoka Ulaya wala Amerika ya Kusini kufika kwenye fainali ile. Kama 2009 wangefungiwa mulango, 2010 isingekuwapo.

Na kwa Afrika nzima ni vile vile. Mu 1974 tulikuwa na nafasi moja. Tunisia ikashinda Mexico 3-1 mu 1978, mechi ya kwanza Mwafrika kushinda kwenye Kombe la Dunia. Mu 1982 nafasi zikawa mbili, na Algeria ikashinda Ujerumani ya Magharibi 2-1. Mu 2022 Morocco ikafika nusu fainali. Mulango haukufunguliwa juu tulikuwa tayari wakubwa. Tulikua juu mulango ulifunguliwa.

Haya haiui mutu

Mu 2000, kule Sydney, kijana wa Guinée Équatoriale anayeitwa Eric Moussambani aliingia kwenye maji kuogelea mita 100. Alikuwa ameanza kujifunza miezi 8 tu mbele ya ile siku, na pisini ya mita 50 alikuwa hajawahi kuiona. Wenzake wawili walifukuzwa juu walianza mbele ya ishara, akabaki peke yake. Alifika akiwa karibu kuzama, kwa dakika 1 na sekunde 52, wakati mabingwa wanatumia chini ya sekunde 50. Watu walisimama kumupigia mikono. Miaka kisha alifanywa mwalimu wa ekipe ya kuogelea ya nchi yake.

Mu 1998 kule Nagano, Japani, Philip Boit wa Kenya, mukimbiaji wa mita 800, aliingia kwenye mbio ya kuteleza juu ya theluji, kilometre 10. Alikuwa wa mwisho, dakika 20 nyuma ya Bjørn Dæhlie wa Norvège aliyeshinda. Dæhlie alimungojea kwenye baridi mpaka afike, akamukumbatia. Boit akamupa mutoto wake jina la Dæhlie.

Ndani ya hizo habari mbili, mudogo aliharibia nani? Hakuna. Alikimbia kwenye njia yake. Bei ya kushindwa ilikuwa haya tu, na haya haiui mutu.

Lakini kuko mashindano yenye kuvunja shingo

Sasa turudi kwa farasi. Kule Liverpool, Uingereza, kuko mashindano yanaitwa Grand National: karibu kilometre 7 na vizuizi 30 vya kuruka. Mu 1928 farasi 42 walianza. Kwenye kizuizi kimoja farasi wa mbele alikwama juu, wa nyuma wakamuangukia, ikawa fujo kubwa. Mwisho, farasi mumoja tu hakuanguka: Tipperary Tim, ambaye hakuna mutu aliyemutumainia, na mupandaji wake Bill Dutton alikuwa mutu wa kazi ya sheria aliyependa farasi, si mutu wa kulipwa kwa kazi ile. Watu wanaimba sifa ya ile siku. Lakini mwaka uliofuata, kila mwenye farasi akaona naye anaweza bahati: wakaanza farasi 66.

Pale haya si bei tena. Bei ni mifupa, na mara ingine ni uzima. Na mutu asiyejua kazi haanguki peke yake, anaangusha na aliye nyuma yake. Njo maana kidogo kidogo waliweka sheria. Farasi lazima awe na miaka 7 na alama za kutosha kutoka mashindano mengine. Mupandaji lazima awe ameshinda mahali pengine mbele ya kuja pale. Na tangu 2024 wamepunguza hesabu, kutoka farasi 40 mpaka 34. Mulango haukufungwa. Waliweka ngazi mbele ya mulango.

Hii njo tofauti ambayo mabishano yetu ya jioni inasahau. Kama mudogo akianguka bei ni haya, mwache aingie. Kama bei ni uzima wake na wa wengine, apite kwanza kwenye ngazi.

Shimo nalo ni mashindano

Niko na miaka zaidi ya makumi mbili kati ya shimo na sendika. Musimu mumoja wa mvua, PDG mumoja alileta kijana kutoka Kisangani ambaye hakuwahi kushika nyundo wala kushuka kwenye kamba. Siku ya kwanza alimutuma chini kabisa kutoa maji, juu wazee walikataa: walikuwa wameona udongo unatoa jasho. Ukingo ulianguka. Kijana tulimutoa muzima, lakini muguu ulivunjika mahali mbili. Na PDG akasema nini? "Hakujua kazi." Kama vile walivyosema Mwepu hakujua sheria.

Sheria ya mines ya 2002, iliyorekebishwa mu 2018, inasema kazi yetu ya mikono isipite mita 30 chini. Inakataza watoto. Leta ina SAEMAPE ambayo kazi yake ni kutusaidia na kutufundisha. Lakini karatasi haishikilii ukingo wa shimo. Ni sisi wenyewe.

Kwa hiyo naomba kila mutu anayetuma mwingine mbele, awe PDG, awe mukubwa wa ekipe, awe muzazi, ajiulize mambo matatu. Huyu amepata nafasi hii kwa nguvu yake, ao namusukuma juu wengine wamekataa? Nimemufundisha na nimemulipa? Akianguka, nani atalipa: mimi ao yeye?

Kwenye shimo, ngazi yetu iwe hivi: mugeni aanze juu, kwenye kuosha, kwenye pompi, kwenye kukata miti ya kushikilia ukingo. Kisha ashuke pamoja na muzee mumoja, kwenye shimo fupi na kavu. Kwenye refu ashuke siku ile muzee atasema "sasa anaweza", si siku ile PDG ana haraka. Na mugeni akikataa kushuka, asikatwe mushahara. Hilo tulipiganie pamoja.

Na vijana wetu wakitaka kwenda Kisangani kucheza na ekipe za muji, tusiwazuie juu ya kuogopa kicheko. Tuwachangie viatu, feza ya njia, na chakula cha siku ya mechi. Wakirudi wamefungwa 6, tuwaulize wamejifunza nini, kisha tuwatume tena mwaka unaokuja.