Kabla ya Kufunga Paneli, Tukague Paa

Kamati nyingi za sharika zinapopanga mradi wa umeme wa jua huuliza kwanza bei ya paneli na betri. Sisi tunashauri zianze na paa, kwa kuwa paneli nzuri hudumu miaka 25 au zaidi, na kinachozibeba nacho lazima kidumu.

Kwenye paa la bati, fremu ifungwe kwenye mbao za papi au kenchi, isishikiliwe na bati peke yake, maana upepo ukiingia chini ya paneli huzinyanyua. Kila tundu liwekewe washa ya mpira ili lisivuje. Iachwe nafasi ya sentimita 10 hivi juu ya bati hewa ipite, kwani paneli ikipata joto sana hutoa umeme kidogo. Huku kwetu kusini mwa ikweta zielekee kaskazini, zikiinama nyuzi 10 hadi 15, mvua isafishe vumbi.

Katika zahanati yetu moja tulikuta papi zimeliwa na mchwa. Kamati iliumia kuchelewesha mradi, lakini ilibadilisha mbao kwanza. Paa lisilorekebishika liachwe; fremu ya chuma isimikwe chini, ndani ya uzio.

Ndugu wafadhili, mkikuta mbao kwenye bajeti ya sola, msishangae.