Tathmini ya Hatari ya Maporomoko ya Ardhi katika Miinuko ya Kibondo na Kasulu

Makala hii inafafanua namna hatari ya maporomoko ya ardhi inavyoweza kutathminiwa katika miinuko ya Kibondo na Kasulu, mkoani Kigoma. Hoja yake kuu ni kwamba mvua ya siku moja si kipimo tosha. Sharti izingatiwe pamoja na mwinamo wa mteremko na maji ambayo udongo umekwisha kuyahifadhi.

Kanuni hii hutumika pia katika milima yenye theluji. Barani Ulaya, wataalamu huchunguza mwinamo, tabaka dhaifu na mzigo mpya wa theluji, kisha hutangaza hatari kwa ngazi tano. Miinuko ya Kigoma haina theluji, lakini udongo wake hubeba mzigo wa mvua. Maji yanapojaa katika matundu ya udongo, uzito huongezeka ilhali mshikamano wa chembe hupungua.

Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania huiweka Kibondo katika maeneo ya vuli na masika, ilhali Kasulu hupata mvua za msimu, kuanzia Novemba hadi Aprili. Hivyo basi, wilaya hizi jirani husomewa utabiri tofauti. Kasulu, mvua ya Machi huweza kunyesha juu ya udongo uliolowa kwa miezi kadhaa. Mvua ya kiasi hicho hicho mwezi Novemba hukuta udongo mkavu. Kiasi ni kimoja, hatari ni mbili.

Aidha, hatari haiishii mtelemkoni. Tarehe 3 Desemba 2023, matope, mawe na magogo kutoka Mlima Hanang yalifika mji wa Katesh na vijiji jirani, na zaidi ya watu 80 walipoteza maisha. Kwa hiyo, tathmini ianzie kileleni na kuishia pale korongo linapomwaga maji yake, hata kama nyumba zilizopo hapo zimejengwa tambarare.

Dalili za kuchunguzwa ni hizi: nyufa mpya zinazokata mteremko kwa upana, miti au nguzo zilizoanza kuinama, chemchemi zinazozuka mahali pageni, na milango inayokwama ghafla. Dalili nzito zaidi ni kijito kupungua maji ilhali mvua inaendelea, kwani huenda kimezibwa huko juu. Katika hali hiyo wakazi wasisubiri tangazo. Waondoke kwa kuelekea pembeni na juu, si kufuata bonde.

Inapendekezwa kwamba kila serikali ya kijiji chenye miteremko mikali iwe na kipimamvua, na jumla ya mvua ya siku tatu iandikwe ubaoni kila asubuhi. Mamlaka hutoa viwango vitatu: angalizo, tahadhari na tahadhari kubwa. Viwango hivyo huhusu eneo pana. Mteremko ulio nyuma ya nyumba hukaguliwa na wanaoishi chini yake.