Kasongo: Kumsumbua mfanyakazi wa maktaba si mzaha, ni kosa la jinai

Mwanamke anayefanya kazi katika maktaba ya chuo cha juu hawezi kumkwepa mtu. Anapaswa kukaa mezani, kumpokea kila anayeingia, na kusimama kumtafutia kitabu kwenye rafu za nyuma. Anayetaka kumsumbua anajua saa zake za kazi na mahali pa kumkuta peke yake.

Kasongo na Kabambare, kusini mwa Maniema, watu wakisikia «ukatili wa kingono» wanakumbuka vita na wenye silaha. Mkubwa wa chuo anayemshika mfanyakazi kiuno akipita, au mwanafunzi anayerudi kila jioni na maneno ya kitandani, huhesabiwa kuwa mtani tu. Mwanamke akikasirika, ataambiwa hajui kucheka.

Sheria inasema nini

Sheria namba 06/018 ya tarehe 20 Julai 2006 iliongeza katika kanuni ya adhabu ya Kongo kifungu cha 174d, kinachohusu kile kinachoitwa kwa Kifaransa harcèlement sexuel. Kinamlenga mtu anayeendelea kumsumbua mwingine kwa maneno, ishara, amri au vitisho, au anayetumia mamlaka ya kazi yake ili apewe ngono. Adhabu ni kifungo cha mwaka 1 hadi 12 na faini, au moja kati ya hizo.

Mambo mawili katika kifungu hicho yanafaa kujulikana. Kwanza, kinazungumzia tabia inayorudiwa. Pili, mashtaka hayaanzi mpaka muhanga mwenyewe alalamike. Jirani, mume au mwenzake wa kazi hawezi kulalamika kwa niaba yake.

Kwa nini wengi wananyamaza

Katika vyuo vya serikali nchini Kongo, wafanyakazi wengi hawajaingizwa kwenye orodha ya mishahara ya serikali. Hao ndio wanaoitwa «nouvelles unités». Wanaishi kwa prime ndogo inayotolewa na chuo. Mara nyingine anayeweza kuikata prime hiyo ndiye huyohuyo anayewasumbua. Tena, katika mji ambako kila mtu anamjua mwenzake, mwanamke anaogopa kwamba habari itamfikia mume au mama mkwe kabla haijamfikia hakimu.

Ndiyo maana mambo mengi huishia nyumbani, kwa mbuzi na maneno ya kuombana radhi. Lakini sheria nyingine ya siku hiyohiyo, namba 06/019, inakataza kesi za ukatili wa kingono kumalizwa kwa faini ya makubaliano mbele ya polisi au parke. Inaruhusu pia kesi kusikilizwa kwa faragha muhanga akiomba, na inataka hukumu itoke katika miezi 3 tangu mamlaka ya sheria ipokee kesi.

Daftari ya pili

Kwa kuwa sheria inataka tabia inayorudiwa, kumbukumbu ni silaha. Mfanyakazi wa maktaba ana daftari ya vitabu: nani amechukua, lini, atarudisha lini. Anaweza kufungua daftari ya pili, ya kwake, na kuandika tarehe, saa, maneno yaliyosemwa na nani alikuwa karibu. Ujumbe wa simu usifutwe, hata ukiwa wa aibu. Aibu ni ya aliyeutuma.

Vyuo pia vina wajibu. Si lazima kungoja fedha kutoka Kinshasa ili meza igeuzwe kuelekea mlango, watu wawili wapangwe zamu za jioni, au kanuni ya ndani ibandikwe ukutani ikieleza malalamiko yanapelekwa kwa nani. Na huyo anayeyapokea asiwe mkubwa mmoja tu, maana huenda yeye ndiye anayelalamikiwa.

Tatizo hili si la Kasongo peke yake. Marekani, watafiti waliowauliza wafanyakazi wa maktaba za vyuo vikuu walichapisha matokeo mwaka 2021, na huko pia usumbufu ulionekana. Mwaka 2019, Shirika la Kazi Duniani lilipitisha mkataba namba 190 dhidi ya ukatili na usumbufu kazini.

Wahenga walisema mficha uchi hazai. Mwanamke anayeogopa kwenda parke peke yake anaweza kuanza kwa wakili au kwa chama cha akina mama anachokiamini, akiwa na daftari yake mkononi.